Kabla Hujanunua Pikapu Mpya, Fungua Gitaa Uangalie Nyaya

Gitaa la solo katika benga limerithi kazi ya nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Waluo: kudonoa nyuzi haraka, kila noti isikike peke yake. Ndivyo lilivyopigwa tangu enzi za D.O. Misiani na Shirati Jazz. Sasa sikiliza bendi nyingi za hapa Kisumu mwimbaji anapoingia. Mpiga solo anashusha volyumu ili asimfunike, na papo hapo mlio unafifia, unabaki mvumo tu. Ubeti ukiisha anapandisha, gitaa linang'aa tena. Wapigaji wanalaumu pikapu, ile sumaku yenye koili chini ya nyuzi inayogeuza mtikisiko wake kuwa umeme, na kuanza kuweka akiba ya kuagiza nyingine ng'ambo. Naona wanapoteza pesa.

Pikapu haina kosa. Ukishusha volyumu, unaongeza ukinzani kati ya pikapu na kebo. Kebo nayo ina tabia ya kapasita, kifaa kinachopitisha sauti za juu kwa urahisi kuliko za chini, takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Viwili hivyo vikikutana, sauti za juu zinachujwa na kuishia kwenye waya wa athi, yaani wa ardhi. Hata pikapu ya bei ya ng'ombe itafifia vivyo hivyo.

Dawa ni vipande viwili ambavyo fundi wa redio anaweza hata kuving'oa kwenye redio iliyokufa: kapasita ya nanofaradi 1, ile ndogo iliyoandikwa 102, na rezista (kipande cha ukinzani) ya kiloomu 150, yenye mistari ya kahawia, kijani na njano. Viunganishwe sambamba, kisha vilehemiwe kati ya mguu wa kitufe cha volyumu unaopokea waya wa pikapu na mguu wa katikati. Sauti za juu zinapata njia yao hata volyumu ikiwa chini. Wapo wanaoweka kapasita peke yake. Siwaungi mkono: volyumu ikishuka, besi inapotea na mlio unakuwa mwembamba, unachoma masikio.

Kuna njia nyingine, ya magitaa ya Gibson ya miaka ya 1950, ambapo kapasita ya toni (kitufe cha kupunguza sauti za juu) inafungwa kwenye mguu wa katikati wa volyumu. Mng'ao unabaki, lakini volyumu na toni zinaanza kuingiliana. Kwa mtu wa bluzi ni sawa kabisa. Kwa benga, ambako mkono unapanda na kushuka wimbo mzima, mimi siichagui.

Gitaa likiwa wazi, soma pia namba ya volyumu: kiloomu 250 huzoeleka kwa pikapu za koili moja, 500 kwa hambaka, yaani pikapu za koili mbili. Hambaka yenye volyumu ya 250 itasikika nzito hata ukifungulia yote.

Mwambie fundi asikawie na chuma cha kulehemu, maana joto huharibu volyumu. Kisha lijaribu na bendi nzima, volyumu nusu, mwimbaji akiimba. Mlio ukizidi ukali, punguza kapasita hadi pikofaradi 680, rezista uiache ilivyo.