Kamera ya kijani inajibu swali moja tu

Siku ya tano baada ya kuondoa saratani ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana), homa ikipanda na tumbo likaanza kukaza, daktari wa upasuaji anawaza jambo moja: maungio, yaani pale ncha mbili za utumbo ziliposhonwa pamoja, yamevuja. Uvimbe unavyokuwa karibu zaidi na njia ya haja kubwa, ndivyo hatari inavyoongezeka. Ndiyo sababu kamera za infraredi, zinazoonyesha kwa mwanga wa kijani kwenye skrini mahali damu ilipofika, zinavutia hospitali zetu hapa Dar es Salaam. Ni vizuri, ila wapangaji wa bajeti wajue wanachonunua.

Kamera hiyo inauliza: damu imefika kwenye ncha ya utumbo inayokwenda kuungwa? Mshipa mkuu wa upande wa kushoto ukishafungwa, ncha hiyo hulishwa na vijimshipa vya pembeni, na inaweza kuonekana ya waridi machoni huku damu haiitoshi.

Kamera huona rangi iitwayo ICG (indocyanine green), inayosafiri na damu. Kichupa chake cha miligramu 25 huyeyushwa kwa mililita 10 za maji ya sindano. Usitumie maji ya chumvi, rangi haiyeyuki vizuri. Daktari huweka alama pale anapotaka kukata, taa kubwa zinazimwa, kisha mtaalamu wa usingizi anasukuma mililita 2 au 3 na kufuatisha maji ya chumvi. Kwa kawaida, ndani ya dakika moja mwanga unapanda kwenye utumbo. Ukikomea sentimita 2 kabla ya alama, unakata juu zaidi, pale penye mwanga. (Mtu wa usingizi aambiwe mapema: kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kushuka kwa muda, na mgonjwa hana tatizo lolote.) Aliyewahi kudhurika na dawa yenye aidini aulizwe tangu wodini.

Makosa mengi yako kwenye muda. Ukichelewa dakika kadhaa, rangi husambaa hadi kwenye sehemu isiyo na damu ya kutosha, nayo inang'aa kama nyingine. Presha ikiwa chini, mwanga unachelewa. Kamera ikisogezwa karibu, kila kitu kinawaka zaidi. Kwa hiyo linganisha na utumbo wa jirani, kwa umbali uleule.

Je, inapunguza kuvuja? Utafiti wa Japani uitwao EssentiAL, wa 2023, ulipata waliovuja asilimia 7.6 kwa waliotumia ICG dhidi ya 11.8 kwa wasioitumia. Utafiti wa PILLAR III wa Marekani, uliokatishwa mapema, ulipata 9.0 dhidi ya 9.6. Mimi nasoma hivi: inasaidia, lakini haifuti sababu nyingine. Utumbo uliovutwa kwa nguvu utavuja hata ukiwaka kijani. Kona ya kushoto ya juu ya utumbo mpana ilegezwe hadi utumbo ushuke wenyewe, jaribio la hewa chini ya maji lifanyike, na kwa maungio ya chini sana mfuko wa muda wa kinyesi uendelee kuwekwa. Kuna wanaotaka usiwekwe kwa sababu kamera "imeonyesha sawa". Sikubaliani nao.

Upasuaji wetu mwingi bado ni wa kufungua tumbo, kwa hiyo kamera ya upasuaji wa matundu madogo peke yake utakaa stoo. Itafutwe kamera ya mkono inayofanya kazi tumbo likiwa wazi. Na kabla ya kusaini, muuzaji aulizwe vichupa vya ICG vya mwaka wa pili vitatoka wapi na kwa bei gani.