Sarufi ya Kiingereza Ianzie Kwenye Sentensi za Kila Siku

Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania watoto husoma kwa Kiswahili, na wanapoingia kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawaitumii nje ya darasa. Kwa hali hiyo, sioni faida ya kuwaanzishia sarufi kwa majedwali ya nyakati. Naamini kanuni iibuliwe kutoka katika sentensi ambazo mwanafunzi anazihitaji siku hiyo hiyo.

Chukua swali "What does it mean?", linalohitajika katika kila somo. Wapo wanaouliza "What it means?", kwa kuwa Kiswahili hakihitaji kitenzi kisaidizi hapo, na wapo waliokariri kanuni nusu wanaosema "What does it means?". Mwanafunzi aliyelizoea swali sahihi mpaka likamkaa mdomoni tayari anayo kanuni nzima, kwamba "does" imeichukua ile "s" ya nafsi ya tatu umoja na kitenzi kikuu kimebaki katika umbo lake la msingi. Kazi ya mwalimu ni kuiweka wazi: aandike ubaoni "What does she want?", "Where does he live?" na "How does it work?", kisha awaulize wanafunzi "s" imekwenda wapi. Wakijibu kwa Kiswahili, wasikatazwe.

Kuhusu "a" na "the", ambazo Kiswahili hakina mfano wake, ni afadhali "in the morning" na "at night" vizoeleke kwanza, maelezo yafuate baadaye.

Wanaohofia kwamba njia hii huzaa kasuku wana hoja. Darasa zima linaweza kuitikia "We are fine, thank you, teacher" kwa sauti moja, lakini mwanafunzi mmoja akiulizwa hali ya mama yake akakwama, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha jinsi "we are" inavyogeuka kuwa "she is". Sentensi isiyobadilishwa haifundishi sarufi yoyote.

Ndiyo maana ningependa mwalimu wa Kiingereza akusanye sentensi kutoka kwa wenzake wa masomo mengine. Katika "Water is heated until it boils" ya somo la Kemia kuna kauli ya kutendwa, ambayo mtoto anayesema "maji hupashwa moto" ameimudu tangu nyumbani. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba kazi ya ile "w" ya Kiswahili, Kiingereza huifanya kwa "is" na "heated".