Tusiite Urefu Uwezo wa Mwili

Mwezi Mei 2024, Austin Rivers, aliyecheza mpira wa kikapu katika NBA kwa zaidi ya misimu kumi, alidai kwamba anaweza kuwachukua wachezaji 30 wa ligi hiyo na kuwapeleka moja kwa moja NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ilhali hakuna awezaye kuwatoa wachezaji 30 NFL akawapeleka NBA. Watu wa futiboli ya Kimarekani walichukizwa, J.J. Watt, nyota mstaafu wa NFL, akiwa miongoni mwa waliomjibu, na ubishi ukasambaa. Rivers mwenyewe simlaumu, kwa kuwa kila mtu ana haki ya kuitetea kazi iliyomlea. Kinachoniudhi ni jinsi madai yake yalivyogeuka kuwa hukumu ya mwisho katika vijiwe na makundi yetu ya WhatsApp, ambako kila msimu wa fainali za NBA mtu hujitokeza kutangaza kwamba njia ni ya upande mmoja, na kwa hiyo wachezaji wa kikapu ndio wenye miili bora kuliko wanamichezo wote wa Marekani. Hoja hiyo inarudiwa kwa uhakika mkubwa, nayo haiwezi kusimama.

Najua kwa nini sisi wa Afrika Mashariki tunaikubali upesi. Kikapu tumekicheza wenyewe, au tumekaa pembeni ya viwanja kama vya Don Bosco pale Upanga tukiwatazama wanaokiweza. Mwaka 2009 tulimshuhudia kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, akichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na tangu 2021 Kigali imekuwa mwenyeji wa mashindano ya Ligi ya Kikapu ya Afrika. Futiboli ya Kimarekani, kwa wengi wetu, ni fainali moja kwa mwaka, Super Bowl, inayoanza saa nane na nusu usiku, ambamo wanaume wenye kofia ngumu wanagongana kwa sekunde chache kisha wanasimama kwa muda mrefu. Mchezo ambao hatujawahi kuucheza ni rahisi kuudharau, na dharau hiyo huwaangukia zaidi wale wanaostahili heshima kubwa kuliko wote, yaani wanaume wa mstari wa mbele, wale wakubwa wanaosukumana uso kwa uso kila mchezo unapoanza, ambao nitawarudia.

Tuanze na hiyo njia ya upande mmoja. Ni kweli kwamba wapo watu waliotoka kwenye kikapu wakang'ara NFL, na jina linalotajwa kwanza daima ni Antonio Gates. Mwaka 2002 aliifikisha timu ya Chuo Kikuu cha Kent State katika nane bora za mashindano ya vyuo, mwaka uliofuata akasajiliwa na San Diego Chargers bila kuwa amecheza futiboli hata mechi moja akiwa chuoni, akafunga mara 116, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine wa nafasi yake ya taiti endi aliyewahi kuifikia, na mwaka 2025 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Ni habari ya kusisimua, na ndiyo maana inasimuliwa nusu. Nusu inayoachwa ni kwamba Gates alikuwa mchezaji wa futiboli tangu sekondari kule Detroit, na kwamba alianzia Michigan State, akaondoka kwa sababu kocha wa huko alitaka aachane na kikapu abaki na futiboli peke yake. Pia inaachwa sababu iliyomfanya asiende NBA. Gates ana urefu wa takriban mita 1.93, naye alicheza karibu na goli, mahali ambapo NBA huweka watu wenye mita mbili na zaidi. Nguvu alikuwa nazo, wepesi alikuwa nao, mikono ya kudaka alikuwa nayo. Alichokosa ni sentimita kumi na tano za mifupa.

Watazameni na wengine. Tony Gonzalez alicheza michezo yote miwili katika Chuo Kikuu cha California. Jimmy Graham alicheza kikapu Miami kwa miaka minne na futiboli mwaka mmoja kabla ya New Orleans Saints kumchukua mwaka 2010. Julius Peppers alifika nusu fainali ya vyuo mwaka 2000 akiwa na timu ya kikapu ya North Carolina, kisha miaka miwili baadaye akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NFL. Watatu kati ya hawa wanne, akiwemo Gates, walikuwa taiti endi, nafasi inayomtaka mtu mrefu, mzito, anayejua kuuweka mwili wake kati ya mpinzani na mpira, kazi ileile ya kugombea ribaundi. Peppers alikuwa mchezaji wa pembeni katika safu ya ulinzi, kazi nyingine inayopenda mikono mirefu. Sasa nitajieni mchezaji wa kikapu aliyevuka na kuwa kiini cha safu inayomlinda kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Nitajieni waliovuka wakawa wakimbiaji wa kati, wanaobeba mpira mara ishirini kwa mechi huku watu wenye kilo 130 wakiwaangukia. Daraja ambalo Rivers anaona linaunganisha ligi mbili nzima linaunganisha nafasi mbili au tatu tu.

Upande wa pili wa madai yake ndio unaonikera zaidi, kwa sababu unachanganya mambo matatu yasiyofanana. Wachezaji wa NFL hawawezi kuingia NBA, hilo nalikubali bila ubishi. Lakini kinachowazuia ni nini? Kwanza ni urefu, kwa kuwa wastani wa NBA unakaribia mita 2 wakati wa NFL uko karibu na mita 1.88. Pili ni ufundi wa mkono: kuudunda mpira bila kuutazama na kutupia kikapuni kutoka mbali huku mkono wa mtu ukiwa usoni, mambo ambayo mtoto huanza kuyajenga kabla hajabalehe na ambayo mtu mzima mwenye misuli ya chuma hawezi kuyanunua kwa mazoezi ya mwaka mmoja. Urefu ni majaliwa. Ufundi ni elimu. Uwezo wa mwili, yaani kasi, nguvu, mruko, wepesi wa kugeuka na uzito unaoweza kuubeba ukiwa katika kasi hiyo, ni jambo la tatu, na ndilo tulilodai kulijadili.

NBA yenyewe inatuonyesha kila mwaka kwamba haiupi uwezo huo nafasi ya kwanza. Kevin Durant, katika majaribio ya wachezaji wapya ya mwaka 2007, hakuweza kuinua kwa kifua chuma cha kilo 84 hata mara moja, na bado alichaguliwa wa pili, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2014 na bingwa mara mbili. Nikola Jokić, ambaye ametwaa tuzo ya mchezaji bora mara tatu na kuipa Denver ubingwa mwaka 2023, haruki sana wala hakimbii sana. Anaona pasi ambazo wengine hawazioni. Nawaheshimu wote wawili kupita kiasi, na heshima hiyo ndiyo inayonifanya nikatae kuona ustadi wao ukiitwa kwa jina la kitu kingine. Hata Thabeet wetu ni ushahidi wa jambo hilihili. Klabu ya Memphis ilimchukua mapema vile kwa sababu alikuwa na mita 2.21 na alijua kuzuia mipira, na kabla msimu wake wa kwanza haujaisha ikampeleka ligi ya chini. Soko la kikapu hununua urefu kwanza, kisha ndipo linapouliza maswali mengine.

Kuhusu vipimo, naomba tuwe waadilifu. Watu hupenda kuweka bega kwa bega namba za mruko za ligi hizi mbili, wakitaja inchi 48 za Keon Johnson katika majaribio ya NBA ya mwaka 2021, bila kusema kwamba mruko huo hupimwa mtu akichukua hatua za kukimbia kwanza. Katika majaribio ya NFL kule Indianapolis mtu husimama wima, miguu miwili chini, akaruka kutoka hapohapo. Myles Garrett alifanya hivyo mwaka 2017 akiwa na kilo 123, akapanda inchi 41, ambazo ni sentimita 104. Johnson alikuwa kijana mwembamba wa kilo 84 hivi. Na kwa kasi, DK Metcalf, mpokeaji wa pasi wa NFL mwenye mita 1.93 na zaidi ya kilo 100, aliingia mbio za mita 100 mwaka 2021 dhidi ya wanariadha wa kulipwa akakimbia kwa sekunde 10.37. Alikuwa wa mwisho katika kundi lake, na watu walicheka, lakini mtu wa uzito ule kukimbia muda ule ni jambo la kuvua kofia. Bob Hayes, bingwa wa Olimpiki wa mita 100 mjini Tokyo mwaka 1964, alikwenda kucheza Dallas Cowboys na kushinda Super Bowl.

Sasa niwarudie wanaume wa mstari wa mbele. Mwaka 2022 kijana aitwaye Jordan Davis, mwenye mita 1.98 na kilo 155, alikimbia yadi 40, ambazo ni karibu mita 37, kwa sekunde 4.78. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Kilo 155 ni uzito wa watu wazima wawili na zaidi wa mtaani kwetu, na mtu huyo anaondoka kutoka kusimama hadi kasi ambayo vijana wengi wembamba wa chuo wasingeifikia, kisha anatakiwa kuinama chini ya bega la mwenzake mwenye uzito kama wake, amsukume, ageuke, amkimbize mtu mwenye mpira, na arudie hayo baada ya sekunde 40 au pungufu. Tumbo linaloonekana kwenye runinga ndilo linalotufanya tumwite mnene. Chini ya tumbo hilo kuna nyonga na mapaja yanayotoa nguvu ambayo hakuna mahali pa kuionyesha katika uwanja wa kikapu, na miguu inayopiga hatua fupi za haraka bila kujikwaa. Tunapozungumza juu ya wanamichezo bora tunamwona yule anayepaa hewani kwa sababu macho yanapenda kupaa. Mtu anayezuia kilo 150 zisimfikie kwotabeki hatumwoni, kwa kuwa akifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea.

Na wanaodhani mlango wa NFL uko wazi kwa kila mwenye mwili mkubwa watazame walioujaribu kutoka nje. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, akiwa na urefu, nguvu na kasi ambavyo kocha yeyote angevitamani, na aliishia kucheza mechi chache tu. Jordan Mailata wa Australia, mtu wa mita 2.03 aliyetoka raga pia, alichaguliwa na Philadelphia Eagles mwaka 2018 na kukaa misimu miwili mizima bila kucheza mechi rasmi, akijifunza jinsi ya kuweka mguu wake wa nyuma, ndipo akawa nguzo ya timu iliyotwaa Super Bowl mwezi Februari 2025. Ikiwa yeye alihitaji miaka miwili, hao 30 wa Rivers wanaokwenda moja kwa moja watakwenda wapi?

Kuna jambo ambalo sina budi kulikubali, ingawa silikubali kwa moyo mweupe. Kwa stahamala, kikapu kinashinda. Mechi ya NBA ni dakika 48 za kukimbia, kusimama ghafla, kuruka na kurudi nyuma, mechi 82 kwa msimu kabla ya mtoano, wakati mwingine usiku mbili mfululizo katika miji tofauti, na katika mechi nzima ya NFL mpira huwa hai kwa takriban dakika 11. Jordan Davis asingemaliza robo moja ya kikapu. Nakubali pia kwamba mtu wa mita 2.11 kama Giannis Antetokounmpo kuuvuka uwanja kwa hatua chache huku akiudunda mpira ni jambo ambalo NFL haina mfano wake.

Lakini hata ukubali huo hauwafikishi wanaobishana nami pale wanapotaka, kwa sababu kwa sehemu kubwa hawa si watu wa aina mbili. Katika shule za Marekani futiboli huchezwa majira ya mapukutiko na kikapu majira ya baridi, na mvulana yuleyule huvua kofia ngumu Novemba akavaa kaptula. Allen Iverson alikuwa kwotabeki wa shule ya Bethel kule Virginia na aliipa ubingwa wa jimbo katika michezo yote miwili. Nate Robinson alicheza safu ya ulinzi ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Washington kabla ya kushinda shindano la kudanki la NBA mara tatu. Charlie Ward alishinda tuzo ya Heisman mwaka 1993 kama mchezaji bora wa futiboli wa vyuo vyote, NFL ikampita, akaenda kucheza NBA kwa miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo hata ile njia ya upande mmoja ina nyayo za upande wa pili, na mtu akiangalia vizuri ataona kwamba vijana hawa wamegawanywa na mifupa yao katika umri wa miaka kumi na sita au kumi na saba: aliyeendelea kurefuka alibaki na kikapu, aliyesimama akaongezeka upana akaenda kwenye futiboli.

Anayetaka kuendelea na ubishi huu basi anipe orodha ya hao 30, kila jina pamoja na nafasi yake na uzito wake. LeBron James nitampokea hata kabla hajamaliza kumtaja, maana shuleni kule Akron alikuwa mpokeaji wa futiboli aliyechaguliwa katika timu bora ya jimbo zima. Nitawapokea na walinzi kadhaa wa kikapu wenye mita 1.90 na mabega mapana, wawe wapokeaji au walinzi wa nyuma, baada ya mwaka mmoja au miwili ya kufundishwa. Kwa taiti endi sitabishana. Ila anianzie na wale watano wa kusimama mbele ya kwotabeki, Jordan Davis akiwa upande wa pili wa mstari, kwa sababu nafasi hizo tano tangu 2024 hadi leo sijasikia hata jina moja la kuzijaza.