Sikuwa na kifafa, nilikuwa kazini

Video ile ya mimi nikishikwa na watu ndani ya teksi-basi ni ya kweli, sikatai. Uongo ni maneno ambayo Fundi ameyaandika chini yake. Sikurogwa, sina mamiwata, yule jini wa majini, na yule aliyeniuliza jana usiku kama huwa naota nakula nyama nimemfuta.

Fundi mnamjua, yule wa kutengeneza simu. Ndiye aliyenitilia kwenye kadi Calculating Infinity, albamu ya kwanza ya The Dillinger Escape Plan, vijana wa New Jersey kule Marekani. Ilitoka 1999. Hadikoo na metali, miziki ya magitaa makali na kelele, vimepondwa pamoja, nyimbo 11, dakika 37 hivi, na ukimaliza unaomba maji. Akaniambia: «Weye si unajiita mupiga ngoma? Hesabu hii, nione.»

Hapo alinigusa pabaya. Mimi ndiye ninayekaa kwenye ngoma za kwaya yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi. Sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, ikiwaka, wamama wenye heshima zao wanavua viatu. Moja, mbili, tatu, nne: hata usingizini naiweka.

Basi asubuhi ile tunaenda mjini kwa teksi-basi. Mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi mnaijua, nimevaa kofia ya sufu hadi shingoni. Spika za masikioni zimo ndani ya kofia, sionekani kama mtu anayesikiliza kitu. Fundi yuko kiti cha nyuma. Kumbukeni hilo.

Wimbo wa kwanza ulipita nikidhani kadi imeharibika. Wa pili, «43% Burnt», ndio ulioniua. Unapiga, unanyamaza, halafu unapiga tena mahali ambapo mguu wako haujafika. Ukijisemea umeshika hesabu ya saba, wenyewe wamekwisha kuhama. Chris Pennie, mpiga ngoma wao, sijui alilelewa na nani. Na huwezi kujificha kwenye besi upumzike kidogo, maana mpiga besi, Adam Doll, alikuwa ameumia katika ajali ya gari, kwa hiyo Ben Weinman wa gitaa akapiga na besi kwenye rekodi. Gitaa na besi ni kichwa kimoja! Zinaruka pamoja, zinatua pamoja, wewe umebaki hewani peke yako na mguu wako. Juu ya hayo yote Dimitri Minakakis anapasua koo.

Nikaamua kuhesabu kwa mwili. Shingo ishike gitaa, bega la kushoto lishike ngoma ndogo, goti lishike ile kubwa. Macho nimeyafumba. Midomo inataja namba.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo Fundi amekata video yake.

Mama wa kando yangu, mwenye beseni la kapenta, dagaa wa kwetu, akasogea. Nikafikiri ananipa nafasi, nikamshukuru moyoni. Goti likaruka. Beseni likaruka. Nikasikia kwa mbali, kupitia Minakakis: «Eko na kifafa! Mumushike!»

Nafumbua macho, mikono tayari iko mwilini mwangu. Mmoja ameshika kichwa, mwingine miguu. Kiatu cha mtu nisiyemjua kimeletwa puani nikinuse, eti ndiyo dawa. (Mwenye kile kiatu, kama unasoma hapa: baba, soksi zinauzwa.) Nafungua mdomo nijieleze, mama mwingine akanisukumia mwiko nisijiume ulimi. Mwiko mpya wa bukari, ugali wetu, ametoka kuununua, mpana, una vumbi la mti bado.

«Hapana kifafa hii,» ikasema sauti nzito ya mbele. «Ni pepo.»

Kumbe tumepanda na mchungaji. Akapita juu ya viti, akaniwekea mkono juu ya kofia, akazidi kunisukumia spika masikioni. «Jina yako nani?»

Nikajibu kwa heshima yote, na mwiko mdomoni: «Hihihuha hihahehabu!»

«Hehabu!» akaitika mchungaji. «Imetaja jina!»

Basi zima likasema haleluya. Dereva akasimama karibu na soko la Kenya. (Ninyi wa Nairobi, tulieni, Kenya ni komuni ya hapa kwetu.) Mchungaji akaanza: «Hehabu, toka! Toka! ... Toka!» Na wallahi, ndugu zangu, zile «toka» zake zilikuwa zinaangukia palepale gitaa linapoangukia. Palepale! Kitu nilichokitafuta tangu Katuba, mchungaji amekipata bila kusikia hata sauti moja. Furaha ikanishika, nikatikisa kichwa pamoja naye kwa nguvu zangu zote.

«Inapigana!» wakalia wamama. Wakaongezeka mikono.

Mtu akamgeukia Fundi: «Papa, unamujua uyu?» Fundi, simu juu, anarekodi: «Apana, simujue.» Jogoo hawakuwika, kwa sababu waliokuwemo walikuwa wamefungwa miguu chini ya kiti.

Aliyeniokoa ni kijana wa kukusanya nauli. Kofia ilinitoka, akaona waya, akachomoa spika moja, akaiweka sikioni mwake. Akasikiliza kidogo, akairudisha taratibu.

«Papa,» akaniuliza, «uyu mutu anayelia, balimufanya nini?»

Yaliyobaki hayana haja. Mwiko nimeulipa, na kapenta zilizomwagika pia. Mchungaji amenipa saa za maombi ya wiki hii, nami nimeandika, maana kwa kweli nataka kumuuliza alihesabuje.

Kwaya wameiona video. Kiongozi ameniita pembeni, ameongea kwa upole sana, amesema kwa sasa nitashika kayamba. Kwenye ngoma wamemweka mtoto mmoja anayefika nne, anarudi moja.