Soma "amesema" kutoka nyuma

Kabla hujaendelea, andika neno amesema, kisha lisome herufi moja moja kuanzia mwisho. Umeona? Limerudi lilelile. Nililigundua usiku mmoja umeme umekatika, nikacheka peke yangu gizani, nikamtumia dada yangu. Akanijibu kwa neno moja tu: ametema. Nikaligeuza, nalo ni vilevile! Basi hatukulala. Anabana. Anakana. Utatu. Hata utu, neno dogo lenye uzito wote ule.

Maneno ya namna hii yanayozunguka mitandaoni mara nyingi ni ya Kiingereza, madam na level, nasi tunayasambaza kwa furaha. Sina ugomvi nayo. Ila naona tunajipunja, kwa sababu Kiswahili kina utamu wake wa pekee hapa: maneno haya huhitaji kuyawinda kwenye kamusi, unayaunda mwenyewe. Chukua a- ya nafsi na -me- ya wakati, kisha tafuta kitenzi kifupi kinachoishia na -ema: sema, tema, hema. Ukiweka -na-, tafuta -ana. Ukiweka -ta-, tafuta -ata, na hapo unavuna atapata, atakata, atanata. Shuleni nilikariri viambishi hivi kwenye jedwali la ubaoni, nikafaulu mtihani, wala sikujua kwamba vinachezeka. Mwalimu anayefundisha uambishaji leo aanze na mchezo huu. Watoto watatafuta vitenzi mpaka kengele ilie na bado watakuwa wanabishana.

Na mabishano yapo. Je, anachana? Ukihesabu herufi linavunjika, maana ch huandikwa kwa herufi mbili. Ukihesabu sauti, ni moja tu, na neno linasimama sawasawa. Dada yangu analikataa. Mimi nalikubali bila kusita, kwani lugha ilikuwa mdomoni kabla ya kufika kwenye karatasi.

Kinachotusumbua sasa ni -li-. Tunahitaji kitenzi chenye konsonanti moja kisha -ila, ili kikae baada ya ali- na neno lijifunge. Tumepata hila, tumepata mila, tumepata bila. Hakuna hata kimoja kilicho kitenzi. Jana saa sita usiku simu ikalia, ujumbe wa dada: "Bado natafuta."