Sikuzimia, Nilikaa Chini

Kwanza sikuzimia. Nilikaa chini. Rafiki yangu aliyewarushia ile sauti kwenye WhatsApp kwamba nilizimia kanisani ameongeza pilipili, na mimi naye tutaonana.

Ushuhuda wangu mnaujua, nimewachosha nao miaka nenda rudi. Nina miaka sita, nimepelekwa kwa shangazi Masaka. Usiku natoka kukojoa, naona mwanga usio wa dunia hii, na viumbe vya kijani vinashuka kutoka mbinguni. Kimoja kikatua kifuani, kikanipapasa shavu kwa pembe zake ndefu. Ukubwani nikasoma habari za wale watoto 62 wa shule ya Ruwa, Zimbabwe, waliosema mwaka 1994 waliona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Nikajua nimeteuliwa.

Basi Jumapili, ibada ya Kiswahili hapa Jinja, nikapewa maikrofoni. Katikati ya utamu, mzee mmoja mstaafu wa jeshi akainua mkono. (Nani huinua mkono kwenye ushuhuda?)

"Binti yangu, hicho chombo kilinguruma?"

"Kilinguruma, mzee! Kama jenereta!"

Kwaya: "Amina!"

"Kuta zake?"

"Za fedha, zimesimama wima, zinametameta!"

"Kama mabati mapya."

"Kama mabati mapya kabisa!" Nilifurahi, nikadhani naye ni mteule.

"Na chini yake mapipa."

Mate yakaanza kunikauka. Mapipa yalikuwepo. Miaka yote nimefundisha kwamba ni vyombo vya rehema.

"Na moshi wa nyasi mbichi."

Ulikuwepo. Nilikuwa nauita utukufu.

Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la shati, akaivaa tena. Hata watoto wachanga walinyamaza.

"Ilikuwa Novemba?"

"Ndiyo, mzee." Spika ikaipeleka hiyo ndiyo mpaka barabarani.

"Mwanangu, hizo ni nsenene."

Nyie wa Masaka mnaowatega hao panzi wa kula kwa taa, mabati na mapipa, punguzeni kucheka. Kwetu zilifika sokoni zimeshang'olewa mabawa na miguu, ningejuaje kwamba zinaruka?

Yaliyobaki ni mafupi. Kwaya ikalala chini, mchungaji akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Jioni nikampigia shangazi anitetee. Akasema kesho yake asubuhi nilikula sahani mbili, nikalia niongezewe.

Leo nimekuta kopo mlangoni, limeandikwa: "Wanakusalimu." Chumvi imezidi kidogo.