Pumu ya mjamzito na pumu ya mzee: hofu tumeiweka siko

Huku Pemba mwanamke mwenye pumu akishika mimba tu neno la mwanzo analoambiwa ni wacha hiyo pampu ya kuvuta dawa itamdhuru mtoto. Bibi yake nae akibanwa na kifua hapana anaeuliza kitu, anapelekewa vidonge vya prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa) vya duka la dawa, wiki hii na ijayo, mpaka uso umemvimba na watu wanasema kanawiri. Mi naona hofu tumeiweka siko.

Wanaomuogopea mjamzito nawaelewa, kuna dawa nyingi kweli hatakiwi kuzigusa. Lakini mtoto tumboni hewa yake anaipata kwa mamake, mama akibanwa na yeye anakosa, na pumu isiyotulizwa ndio inayozidisha hatari ya kifafa cha mimba, kuzaa kabla ya siku na mtoto kutoka na kilo chache. Dawa ya kuvuta inakwenda kifuani, kwenye damu inaingia kidogo sana, salbutamol (ya kufungua kifua) na budesonide (ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa) wajawazito wamezitumia miaka mingi na madaktari wanasema endelea nazo. Utaambiwa mbona fulani aliacha na hakuumwa? Sawa, kiasi theluthi moja ya wajawazito pumu huwapungua na theluthi hubaki vile vile, ila theluthi nyengine huzidiwa, na hapana anaejua mapema yumo wapi.

Kwa wazee mambo magumu zaidi, hapa siwezi kusema dawa ni salama nikamaliza. Vidonge vile mtu akizidiwa vinaokoa roho, siku chache kwa amri ya daktari, lakini kuvimeza miezi vinapandisha sukari na kula mifupa, akiteleza chooni nyonga imevunjika (na aliezowea muda mrefu asiviache ghafla, atapunguziwa na daktari). Pampu ingekuwa bora ila vidole vya mzee vizito, kubonyeza na kuvuta kwa pamoja hawezi, dawa yote inaishia mdomoni. Chupa ya plastiki ya nusu lita, kitako kikatobolewa pampu ikakaa vizuri, inasaidia kweli, mjukuu anabonyeza yeye anavuta taratibu kwenye mdomo wa chupa. Na kwanza tujue ni pumu kweli, mana bibi aliepikia kuni na makumbi miaka 40 pengine mapafu yenyewe yamechakaa, au TB, au moyo, kila moja na dawa yake, ndo mana apimwe hospitali kabla mtu hajakimbilia dukani kumnunulia vidonge.